Bi Chaki na Vyumba vya Sakafuni

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una kikombe mkononi, kaa nacho taratibu. Leo tunamkumbuka mama mmoja, mchora ramani za majengo. Alitutoka Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane. Wengi walimwita Bi Chaki. Nasema tena: mchora ramani, miaka sitini na minane, Bi Chaki.

Jina hilo alilipata ndani ya ghala. Miaka minne iliyopita, ghala la zamani la nyuzi lilikuwa tupu. Paa lake lina vioo, na mwanga wa asubuhi ulishuka humo polepole, kama vumbi la unga. Vijana walitaka mahali pa kujifunza ufundi na kufanya kazi. Asasi ndogo ndogo, zilizokuwa zikihudumia watu kwenye vibaraza vya kuazima, zilitaka ofisi. Wenye ghala wakawapa kwa sharti moja: wakae humo pamoja.

Bi Chaki akaitwa achore. Alifika na boksi la chaki.

"Mimi sichori," alisema. "Mtachora nyinyi, hapa sakafuni, kila chumba kwa ukubwa wake halisi."

Fundi seremala aliyekuwepo siku hiyo anacheka akikumbuka. "Nilisema moyoni, huyu mama anatuchezea shere."

Lakini walichora. Kwa wiki tatu sakafu ile ikageuka nyumba isiyo na kuta. Watu walipiga hodi kwenye milango ya chaki. "Karibu, lakini vua viatu, nimepiga deki!" Na mtu mzima na akili zake anavua viatu, anaingia hewani.

Kisha mambo yakaharibika. Katibu wa asasi inayosaidia wajane alisimama. "Watu wangu huja kulia," alisema. "Watalia vipi huku msumeno unanguruma? Nataka ukuta, toka huku mpaka kule." Akauchora kwa chaki, mstari mrefu.

"Na sisi tukikatazwa kelele, mama, tutajifunza useremala kwa kuota?" kijana mmoja akamjibu.

Katibu akakunja viti vyake. Asasi nyingine zikaanza kukunja vyao. Wasikilizaji, kumbukeni lile sharti. Asasi zikiondoka, ghala linarudi kwa wenyewe, na vijana wanabaki barabarani.

Hapo Bi Chaki alisema jambo ambalo binti yake pekee alikuwa akilijua.

"Ngojeni. Mimi sioni. Mistari yenu yote hii siioni."

Ilikuwa presha ya macho. Kwa miaka miwili ukungu ulikuwa ukimfunika kidogo kidogo. Binti yake ametuambia: "Mama alinikataza nisimwambie mtu. Alisema, mchora ramani asiyeona, nani atampa kazi? Ile chaki mwanzoni ilikuwa njia ya kujificha."

Bi Chaki akanyoosha mikono. "Nitembezeni ndani ya nyumba yenu. Halafu anayetaka kuondoka aondoke."

Katibu aliweka kiti chini, akamshika mkono wa kulia. Wa kushoto ulishikwa na fundi cherehani, msichana kiziwi. Wakaenda hatua kwa hatua. Katibu alimweleza kwa maneno. Msichana alimgusa kiganja kila walipofika pembeni. Walipofika kwenye ule ukuta mrefu wa katibu, msichana akagoma. Akausugua mstari kwa kisigino mpaka ukafutika, kisha akaongea kwa mikono, na dada yake akatafsiri.

"Anasema ukuta huu ukijengwa, hatamwona mtu akimwita. Atakuwa peke yake siku nzima."

Bi Chaki alisimama, uso wake ukiwa juu, kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali. "Nami nikizungushiwa kuta," alisema, "sitajua niko wapi. Kelele zenu ndizo zinazonionyesha njia."

Katibu, mama mnene aliyevaa vizuri, akapiga magoti vumbini. Akachora vyumba vitatu vidogo kwenye kona ya mwisho kabisa, mbali na misumeno. "Kuta nene hapa tu," alisema. "Hapa watu wangu watalia salama. Katikati pabaki wazi. Tuweke meza za kusomea."

Na ndivyo ilivyojengwa. Misumeno upande mmoja, wajane upande mwingine, katikati peupe. Bi Chaki alifika kila Alhamisi, akawafundisha vijana kuchora kwa kuwaelekeza kwa mdomo. Mwaka huu moyo ulipomdhoofisha, alibaki kitandani. "Alikuwa akiniuliza, saa hizi mwanga wa paani umefika wapi?" asema binti yake. "Namwambia, umefika kwa washonaji. Anafumba macho, anatabasamu."

Yule fundi cherehani ametuandikia kwa mkono wake. Nasoma kama alivyoandika: "Kila mahali nilikuwa kiziwi. Mle ndani nilikuwa fundi."

Kwa binti yake, kwa wajukuu na ndugu zake wote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Familia imeomba jengo lisifungwe hata siku moja kwa ajili ya msiba, na leo liko wazi.

Nawe unayenisikiliza, angalia chumba ulichomo sasa hivi. Kilipopangwa, nani hakuulizwa? Ukimpata, mwulize leo.