Mayai Manne Ukingoni mwa Njia ya Ndege

Muuguzi alikuwa na tiketi ya ndege ya saa nne, safari yake ya kwanza angani. Ndani ya basi la kwenda kiwanjani alikaa nyuma ya watu wawili wasiofahamiana: rubani aliyevaa sare, na mwanamke mwenye fyekeo miguuni.

"Umesikia mapya ya kiwanjani?" rubani alimuuliza jirani yake. "Wametubandikia tangazo. Njia imefupishwa mita mia mbili. Ndege ametaga ukingoni, basi ndege isitue."

"Itue, ila ifunge breki mapema. Mayai niliyaona mimi, nikaripoti mimi."

Rubani alimtazama upya. "Kumbe ni wewe."

"Ndiyo mimi. Yapo manne."

"Mimi nabeba abiria kumi na wawili, dada."

"Na jana uliwadundisha mara tatu, kaka. Nilikuwa nafyeka pale pale."

"Upepo ulinipiga ubavuni."

"Ulikuwa wa mbele. Kile kitambaa cha kuonyesha upepo nakitundika mimi."

Basi likasimama getini. Rubani akashuka bila kuaga, kofia kwapani. Muuguzi akamfuata mwenye fyekeo, akamwamkia, kisha akamuuliza kwa adabu leo upepo unatokea wapi.