Upande wa Chini ya Upinde

Kijiwe chetu ni benchi la mabomba yaliyochomelewa, kando ya mashine ya kahawa, nje ya karakana tunayochapia vyuma hapa mjini Changwon. Saa nne asubuhi tunakaa watatu. Mzee Pyo, tunayemwita Kidole, amesugua vyuma miaka thelathini na tano na haamini kipimo kingine zaidi ya ncha ya kidole chake. Gu, jina la kijiweni Unga, anaendesha mashine: leza inayeyusha unga wa chuma, tabaka juu ya tabaka, mpaka kitu kinasimama. Mimi ni Sindano, maana kazi yangu ni kuburuta sindano juu ya chuma na kusoma uso wake unaparuza kiasi gani. Jumatatu ile hakuna aliyefika akicheka. Ijumaa iliyotangulia, kwenye karakana ya meli kule Geoje, kishikizo cha kreni tulichokichapa, chenye upinde wa kuning'inizia kapi, kilikatika, kapi likaanguka na mzigo wake, na fundi Maeng akapondwa mguu. Vishikizo vinne vya aina ileile bado vilikuwa kazini.

— Unga ulishika unyevu, alianza Kidole. Mvua za mwezi ule wa kukichapa mmezisahau?

— Mzee, usinitafute! Unga wangu unakaa kwenye pipa la kufunga, mkavu kuliko koo lako siku ya mshahara.

— Basi umeme ulicheza, leza ikakonyeza.

— Ikikonyeza, mashine inazima yenyewe. Mimi nasema chumvi. Geoje ni bahari tupu, chumvi imekitafuna.

— Miezi miwili tu? Chumvi gani hiyo, ina meno ya papa?

— Haya, basi walizidisha mzigo. Watu wa meli wale, tani mbili wanaiita mkoba.

— Labda.

— Au radi ilipiga kreni.

— Radi na jua lile, Unga?

— Wewe umewahi kuishi Geoje?

Wakanigeukia mimi.

— Sindano, umemeza ulimi? Si wewe uliyekipima?

— Nilikipima.

— Ikasomaje?

— Wastani wa mikroni sita. Mchoro uliruhusu kumi.

— Mnasikia? Unga akapiga paja. Chuma kilikuwa safi! Wenye kreni wajibebe wenyewe.

Ilikuwa kweli, mikroni sita, sehemu ndogo tu ya unene wa unywele. Nilikuwa naitazama kahawa ikipoa kwenye kikombe cha karatasi.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka getini, mkononi mfuko wa hospitali. Alisalimia kwa kuinama, akasema yeye ni Tak Yeon-sil, mke wa Maeng. Kidole akainuka upesi ampishe. Hakukaa. Alitoa simu, akatuonyesha picha ya kishikizo kilivyokatika: pembeni, chini ya upinde.

— Wamemkata chini ya goti, alisema. Sikuja kugombana. Mimi nauza samaki, vyuma sivijui. Nataka kuuliza moja tu. Hapa kilipokatikia, alipima nani?

Unga akaangalia viatu vyake.

Chini ya upinde, leza huyeyusha tabaka lililolalia unga mtupu. Chembe hugandia pale kama ukoko wa wali chini ya sufuria, na katikati yao hubaki mifereji myembamba, ya kina, inayoweza kuzaa ufa. Sindano yangu haifiki kule. Mshale kwenye mchoro ulielekeza upande wa juu, nami nikapima juu. Lakini siku ile ya kupima nilipitisha kidole chini, kikanikwaruza hadi damu. Nikakifuta kwenye ovaroli. Nikasaini kwamba kimepita.

— Hakuna aliyepima, mama, nilisema. Aliyesaini ni mimi.

Hakunitukana, na heri angenitukana.

— Na vile vinne?

Nilipiga simu Geoje palepale, mama akiwa amesimama mbele yangu. Msimamizi alifoka: nina barua ya kusimamisha kazi?

— Sina. Shusha mizigo, bwana. Shusha kwanza, barua utaandikiwa.

Alishusha. Vishikizo vilirudi kesho yake, tukavipiga eksrei, inayoona hata mahali sindano isipofika. Vitatu vilikuwa vizima. Cha nne kilikuwa na ufa chini ya upinde, urefu wa punje ya mchele. Niliandika taarifa kwa jina langu, na kidole kilichotoka damu nikakitaja. Mhuri wangu wa ukaguzi ulichukuliwa wiki ileile. Kidole na Unga walinisogezea nafasi kwenye benchi.

Nilimpigia Mama Tak kumweleza habari ya ule ufa. Nilisikia visu vya samaki nyuma yake.

— Chini ya hicho chenye ufa alikuwa anafanya kazi nani?

— Kijana mmoja, Bang Seok-ju.

— Namjua, alisema. Mkewe ana mimba.

Akakata simu.