Babu Gyalzen Ashuka Kutoka Barafuni

Phortse, 2 Juni 2018. Mwalimu ameniagiza niandike ukurasa huu wa jarida la shule, nami nimeahidi kueleza yote, hata yale ambayo Babu Gyalzen, mzee wa kijiji chetu, angependa niyaruke.

Leo anastaafu baada ya kufungua njia ya Chomolungma, mlima ambao wageni huuita Everest, kwa miaka ishirini na sita. Kila msimu, kabla mpandaji yeyote hajakanyaga barafu, yeye na wenzake walitangulia kulaza ngazi juu ya nyufa na kuzifunga kwa kamba. Kileleni hajafika hata siku moja. Waliofika wote walipita juu ya kazi yake.

Aliajiriwa akitoka kuchunga yaki, ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu wanaobeba mizigo. Ngazi yake ya kwanza aliifunga kwa fundo la mizigo, lile linalofunguka kwa mvuto mmoja ili yaki akianguka aokolewe. Mkuu wake, Thundu, alilivuta kidogo tu, kamba ikamwagika miguuni.

"We Gyalzen! Umefunga ngazi au umefunga yaki?"

"Nisamehe, kaka. Mikono bado iko malishoni."

"Basi iite huku kabla hujatuua!"

Tangu hapo alikagua kila fundo mara tatu. Wenzake walimwita Bwana Yaki, naye alicheka nao.

Baba yangu hubeba mizigo kwenye njia hiyo. Mwaka juzi Babu aliwazuia watu wote kambini kwa sababu jua lilikuwa limeyeyusha barafu na kulegeza ngazi moja. Kiongozi wa msafara akafoka kwamba wageni wake wanachelewa.

"Wachelewe wakiwa hai," Babu alimjibu. "Kaa unywe chai."

Akarudi kuifunga upya. Baba alivuka kesho yake, akatujia nyumbani mzima.

Mama aliposikia habari za kustaafu, alimwambia baba, "Gyalzen akishuka, nawe ushuke."

"Tutakula nini, Mama Doma? Viazi na maneno?"

Tangu siku hiyo hawajalizungumza tena, na mimi ndiye Doma, nawasikia wanavyonyamaza.

Babu, kwa niaba ya watoto wote ambao baba zao walirudi, asante. Shamba lako listawi, na magoti yako yapumzike. Jarida hili nitakuletea mwenyewe, na nitasubiri jibu mlangoni: msimu ujao, kati ya wote uliowafundisha kufunga ngazi, ni nani ambaye wewe ungemkabidhi uhai wa baba yangu?