Mama yake Kasilda Hajazimia

Benchi letu la mtaa wa Makanyagio lilikuwa nje ya duka la nguo, na asubuhi ile ya mwaka hamsini na nne hata kahawa ilitushinda kunywa. Kasilda alikuwa anarudi hospitali ya mgodini kuomba unesi mara ya pili, na daktari alishasema hakutakuwa na ya tatu. Mjomba wake, Valeriani, ndiye aliyemtoa kijijini Kasansa akamsomesha kwa mshahara wa kibarua wa reli. Mara ya kwanza daktari alimuuliza kwa Kiingereza, "Kama mama yako angezimia hapa, ungefanya nini?" Binti akajibu, "Mungu apishe mbali, mama yuko Kasansa, mzima kabisa." Mimi nilimuunga mkono. Nani anamzimisha mama yake kwa mdomo?

Seleman, tuliyemwita Dikishonari kwa sababu aliwahi kuwapikia Wazungu, akamkalisha.

— Sema: ifu mai maza fentedi, ai wudi kol ze dokta.

— Sisemi, Mzee Seleman. Nitamletea mama balaa.

Cleophas akadakia. Huyo tulimwita Wakili tangu aliposhinda kesi ya mbuzi.

— Ngoja kwanza! Hiyo fentedi si ya jana? Basi mama keshazimia, na nyie mmekaa tu hapa!

— Ndiyo ujanja wenyewe, Wakili. Jambo Mzungu asilotaka limkute kesho, analitupa jana. Likija kumtafuta, halimkuti.

— Kumbe! Ndiyo maana hawaugui malaria!

— Wanaugua, akasema Valeriani. Nimemwona bwana wa reli anatetemeka juani.

— Huyo alikosea sarufi, akajibu Dikishonari.

Tulicheka mpaka benchi likalia. Kasilda hakucheka.

— Kwa hiyo nikiitupa jana, mama haguswi?

— Haguswi, mwanangu. Hakuna kilichotokea. Wanapima akili yako tu.

Akajaribu. Akarudia. Mwishowe aliitamka kwa sauti hadi fundi cherehani wa dukani akasimamisha mguu. Kisha akaenda, na Valeriani akabaki ameshika kikombe kilichopoa.

Jua lilikuwa utosini tulipomwona anakuja mbio, viatu mkononi.

— Nimepata, mjomba! Daktari kaniuliza kama mama angezimia, kama wodi ingeungua, kama yeye mwenyewe angeumwa na nyoka. Yote nimeyatupa jana!

Valeriani alilia bila aibu. Sisi wanaume wazima tulipiga vigelegele, vibaya lakini kwa nguvu. Wakili akatangaza kwamba benchi zima sasa ni manesi. Amri, muuza kahawa, akamimina bila kuagizwa. Nilijiona mrefu siku ile, ingawa sikufundisha neno hata moja.

Kasilda akajibana katikati yetu, akachukua kikombe.

— Haya, walimu wangu. Kama ningekosa kazi leo, mngeniambia nini?

Valeriani akamgeukia Seleman, na sote tukamtazama Dikishonari wetu. Akajitemea mate kifuani kufukuza balaa.

— Mungu apishe mbali, binti! Mambo gani hayo ya kutaja?