Maharage ya Ukata, Mihogo ya Liuli

Asubuhi za Julai pale Mbinga ukungu hushuka mpaka magotini, na benchi letu la karibu na stendi huonekana kama linaelea. Sisi wazee watatu hukaa hapo kusubiri kahawa ya Ottilia, mama wa Kinyasa mwenye birika moja na sauti ya chini. Ametumiminia kwa miaka sita.

Wiki ile palikuwa na jambo. Mansuetus, mgane wa Ukata tunayemwita Ngoro kwa jinsi anavyoyasifia mashimo ya ngoro, ya kuzuia maji ya mvua, kwenye shamba lake la mteremkoni, alikuwa amemposa Ottilia. Mama hakukataa. Alisema tu kwamba kabla ya mvua atarudi Liuli, ziwani, kwenye shamba la mihogo aliloachiwa na mama yake, na anayemtaka amfuate huko.

Mansuetus hakuweza kutamka kwamba anaogopa kuuacha mlima. Akaanza kuzungumzia chakula.

— Mtu aliyekulia maharage hawezi kuzeekea mihogo, — alisema. — Mwili utakataa.

Akamgeukia Ilyasi, mwenye duka la ng'ambo ya barabara. Huyo ndiye Daktari wetu, kwa sababu husoma maandishi ya kila pakiti anayouza. Ilyasi alieleza taratibu kwamba maharage hujenga mwili na kuongeza damu, na hakuna mzizi unaoyakaribia kwa hilo. Muhogo ni nguvu ya kulimia tu, ingawa kisamvu chake kina mengi. Kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, hicho ni cha macho.

Hapo tungeweza kunyamaza. Lakini ukungu haukuinuka, na kahawa ilikuwa ya moto. Mansuetus akasema kwamba aliyelala na maharage tumboni huota marehemu wake wakiwa wazima, wanacheka, hata nguo zao anazitambua. Ilyasi akasema mla mihogo haoti kabisa. Usingizi wake huzama chini kama mzizi wenyewe. Mimi nikaongeza kwamba watu wa ziwani huelea kwa sababu ya wepesi wa wanga. Kila mmoja wetu akawa anaona watu wa Liuli wamelala juu ya maji, na wa Ukata wakiongea na wafu wao mteremkoni.

Ottilia alijaza vikombe.

Ndipo akaja dada mmoja na mtoto mgongoni, akisubiri gari la Mbamba Bay. Alitusalimia shikamooni, akapewa kikombe, akasikiliza mpaka akaelewa mabishano yanamhusu nani.

— Na mama mwenyewe, — aliuliza, — anapenda kula nini?

Mansuetus, aliyetaka kuishi naye mpaka kufa, aliivua kofia yake akaishika mapajani, masikio yakimwaka kwa aibu. Kisha akamtazama mama.

— Ottilia, sijawahi kukuuliza. Unapenda nini?

Mama aliweka birika chini.

— Kiazi cha kuchoma, — alisema. — Kikiwa kimepoa kidogo. Ila nikile nimekaa, asiwepo wa kuniita niinuke.

Mansuetus aliinuka. Akaondoa khanga ya Ottilia iliyokuwa imeanguka kwenye benchi, akampisha, na Ottilia akakaa kati yangu na Ilyasi, mikono yake ikiwa haina kazi, nayo ikionekana kuishangaa hali hiyo. Mzee alishika birika. Alimwaga nusu ya kahawa chini, akamuunguza Ilyasi kidole, akaendelea kumimina.

Mwezi wa tisa Mansuetus alipanda naye gari la ziwani. Kabla ya hapo alipita dukani kwa Ilyasi kuulizia kama kule Liuli viazi hustawi kwenye mchanga. Ilyasi alikiri kwamba hajui.