Mzee Athanas Kobelo, Aliyetukalisha Chini Mbele ya Marungu

Ndugu waombolezaji, tunayemzika leo hapa Bunduki, Mgeta, ni baba yetu, Mzee Athanas Pius Kobelo. Mama yetu, Rahel, ametaka asomwe kama alivyoishi, asipambwe. Mimi ni Faraja, mtoto wake wa kwanza.

Marehemu alizaliwa hapa hapa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa Pius Kobelo na Yuliana, wote wametangulia. Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1966 hadi 1972. Waliosoma naye wanamkumbuka kama mtoto asiyerudisha kofi. Baadaye watu wa mjini walichekeshwa sana na mtu anayetoka Bunduki ambaye hataki kushika hata fimbo, na yeye alicheka kuliko wao.

Mwaka 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo mjini Morogoro. Huko alikutana na Nasibu Stambuli, mzaliwa wa Mwembesongo. Wafanyakazi waliwachagua wawatetee, Baba mwenyekiti, Mzee Nasibu katibu. Wakati wa chai walibishana juu ya Wamarekani weusi waliodai haki zao, habari walizozisoma katika kitabu walichoazimana. Baba aliwapenda walioandamana mikono mitupu, wakang'atwa na mbwa, wasirudishe. Mzee Nasibu aliwapenda waliosema kwamba mtu akivunjiwa mlango ana haki ya kuulinda.

"Usimwanze mtu," Mzee Nasibu alikuwa akisema. "Lakini akikuanza, asirudi kwake akicheka."

Baba alimjibu: "Ukimrudishia, atasahau alichokufanyia, atakumbuka ulichomfanyia."

Walibishana hivyo miaka yote na bado walikula sahani moja.

Alifunga ndoa na Mama tarehe 8 Oktoba 1988. Walijaliwa watoto watatu: mimi, Abel na Raya. Kiwanda kilipofungwa, Baba na Mzee Nasibu walihamia bonde moja jirani na Dakawa, wakalima mpunga. Sisi tulijenga ng'ambo moja ya mfereji wa maji, akina Mzee Nasibu ng'ambo ile.

Mwaka 2016 alikuja mwekezaji akisema bonde lote ni lake, akaleta walinzi wenye marungu. Kijiji kikawapa wale wawili uongozi. Mzee Nasibu alitaka kila nyumba iwe na panga nyuma ya mlango. Baba alisimama mkutanoni akasema, "Atakayeinua panga aanze na shingo yangu." Watu wa ng'ambo yetu walimfuata. Wa ng'ambo ile walimfuata Mzee Nasibu.

Walinzi walikuja asubuhi ya tarehe 22 Mei 2017, mpunga ukiwa umeiva. Baba alitukalisha njiani, safu kwa safu, watoto nyuma. Abel, aliyekuwa na miaka ishirini na minne, alimwambia, "Baba, angalau tusimame."

"Kaa, mwanangu. Wakiona hatuna kitu mkononi wataona haya."

Hawakuona haya. Abel alipigwa akiwa amekaa, mikono yake juu ya magoti kama alivyofundishwa. Alifia mapajani mwa Mama. Nyumba zetu zikachomwa. Kisha wakavuka mfereji, wakaanza kuvunja mlango wa Mzee Nasibu. Yeye alitoka na panga, akamkata mlinzi mmoja mkono. Wengine wakakimbia. Ng'ambo ile haikuungua hata nyumba moja.

Siku ya kumzika Abel, jirani yetu Mwanaasha alimwambia Baba mbele ya watu wote, "Ulitupanga kama kuku wa kuchinjwa." Tangu siku hiyo Mama hakumwita tena "Baba Abel", jina alilomwita tangu Abel azaliwe.

Mzee Nasibu alishtakiwa. Wakili wake alimwomba Baba akaeleze mahakamani kwamba Mzee Nasibu alikuwa mlangoni kwake na ndiye aliyeanzwa. Baba aliliona jambo hilo kwa macho yake. Alikataa kwenda. "Siwezi kusimama kulitetea panga," alisema. Mzee Nasibu alifungwa miaka mitano. Mkewe, Zuhura, alifariki mumewe akiwa bado gerezani, asiweze kumzika.

Sisi tulihamia chumba cha kupanga Mwembesongo. Mwaka 2023 Baba alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa. Mama alimuuguza vizuri, lakini aliweza kumaliza wiki nzima bila kumwambia neno. Mgeni aliyekuja mara nyingi alikuwa Mzee Nasibu, aliyekwisha kutoka gerezani. Alimlisha uji. Siku moja Baba alimuuliza juu ya yule mlinzi.

"Anaomba sokoni," Mzee Nasibu alisema. "Mkono mmoja. Nikimwona napita njia nyingine. Sijivunii. Lakini wanangu wako hai, Athanas."

"Na wangu?"

"Wako ulimkalisha chini." Akampangusa uji kidevuni. "Mimi hilo nilishakusamehe, si langu. Langu ni lile la mahakamani. Ungesema tu ulichokiona."

Baba alilia kwanza. "Nilikiona. Nikaogopa. Ningesema panga lako lilikuwa haki, Abel angekuwa amekufa bure."

Mama alikuwa mlangoni. Alisikia yote, akaingia, akachukua bakuli, akatoka kuliosha.

Marehemu alifariki tarehe 3 Juni 2025, saa tano asubuhi, kwa kiharusi cha pili. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, na Mzee Nasibu Stambuli, ambaye familia imemwomba atangulie kutia udongo.

Tulipomuuliza Mama tumalizie vipi, alisema: "Andikeni apumzike. Amani akaiombe kwa Abel."

Tumeandika hivyo. Apumzike.