Emérence Nsimire na Maswali Yaliyomwangusha Mdogo Wake

Tunayemzika leo, Maman Emérence Nsimire, alizaliwa Bagira tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa kwanza wa Maman Domitille na marehemu Papa Ezéchiel. Alisoma hapohapo Bagira, kisha akapata lisansi, yaani shahada, ya saikolojia hapa Bukavu mwaka 2003.

Tarehe 11 Agosti 2007 alifunga ndoa na Papa Jean-Baptiste. Siku ya posa wazee walimuuliza bwana huyo kama ni mchapakazi. "Mimi sijui," akajibu, "muwaulize majirani." Wakampenda papo hapo, kwa maana kwetu mtu hajisifu, husifiwa.

Tangu 2012 Emérence aliajiriwa na shirika moja lililochagua wahudumu wa afya kwa kuwapima tabia. Dodoso lilikuja kwa Kifaransa, naye akalitafsiri kama lilivyo: "Mimi ni mtu wa kutegemewa." "Mimi hujituma kuliko wengine." Aliyekubali kabisa alipanda, aliyesita alishuka. Mwaka 2019 mdogo wake Pascaline, aliyeuguza nusu ya mtaa wa Cimpunda bila kuitwa, aliomba kazi hiyo, akajibu "kidogo" kila mahali. Emérence akatia saini kwamba hafai.

"Yaya, nijisifu namna gani mbele ya wakubwa?" Pascaline alimuuliza dada yake. "Si weye unanijuaka?"

Akaenda Kamituga kuwauzia wachimbaji wa dhahabu chakula, na hakupiga simu tena.

Ndipo Emérence alipofumbua macho, amechelewa. Akaandika maswali upya: "Jirani akipata shida, hunijia mimi." Akawauliza watu sitini kwa maneno ya zamani na kwa mapya. Walewale walioonekana wavivu sasa wakaonekana wachapakazi, na kilichobadilika ni sentensi tu. Shirika lilipokea dodoso jipya, ila waliokwisha kukataliwa halikutaka kuwapima tena. Miaka minne aligonga mlango uleule. Jambo hilo lilimla ndani kwa ndani, na hatutapamba maneno kwa kuwa ni mazishi.

Figo zilianza kumsumbua Septemba 2023. Kitandani alimwomba mumewe, "Umutafute Pascaline. Umuambie mimi ndiye nilikosa, hapana yeye." Simu haikupita, ujumbe ukapelekwa na dereva aendaye Kamituga. Emérence alifariki tarehe 3 Juni 2024, saa tisa alasiri. Pascaline alifika kesho yake asubuhi, nguo zimejaa matope ya barabara.

Anaacha mama yake, mume, watoto wawili, Gloire na David, na Pascaline, aliyekuja kusamehe akakuta hakuna wa kusamehewa. Mungu ampumzishe Emérence. Sisi tuliobaki na deni hili hatujui tutapumzikia wapi.